Asali Iliyonikamata

Mimi ni mtoto wa mrina asali. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo lililoniponza.

Kwetu ni Sikonge, mkoa wa Tabora. Baba alianza kutundika mizinga ya magogo kabla sijazaliwa, na hadi leo akirudi kutoka porini nguo zake zinanuka moshi wiki nzima hata zikifuliwa. Nyumbani asali ilikuwa chakula, ilikuwa ada ya shule, na ilikuwa dawa. Kikohozi, asali. Kidonda, asali. Mama anasimulia kwa fahari kwamba nililambishwa asali siku ya saba ya maisha yangu. Baba yeye akionja tone moja anakuambia limetoka upande gani wa pori na mti gani ulikuwa umechanua. Kuna masega aliyokuwa akiyaonja, anatema, kisha anayaacha humo humo mzingani. "Chungu hiyo, waachie wenyewe," anasema, na tunahamia mti mwingine. Sikuwahi kumuuliza kwa nini. Mtoto aliyebeba ndoo kichwani huku nyuki wanamzunguka hana nafasi ya maswali.

Basi nilipopata ufadhili wa kwenda kusoma Uturuki, nikapangiwa Trabzon, mji ulioko kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, nilikwenda nikiamini kwamba katika mambo ya asali mimi ndiye mwalimu.

Trabzon si Uturuki ya kwenye tamthilia. Ni mvua. Bahari iko hapa, milima imeanzia pale pale, na katikati watu wamebanana na mashamba ya chai na miti ya fındık, zile njugu zinazotiwa kwenye chokoleti. Ukipanda bondeni kuelekea Maçka, mwezi wa tano na wa sita unakuta pembeni mwa njia vichaka virefu kuliko mtu, vina majani mazito yanayong'aa na mashada ya maua ya zambarau. Wenyeji wanakiita komar. Kuna ndugu yake mwenye maua ya njano yenye harufu kali. Mwaka wangu wa kwanza nilipiga picha nimejitumbukiza kifua kizima katikati ya maua hayo ya zambarau, nikaituma kwenye kundi la familia, shangazi zangu wakajibu kwa mioyo mingi mingi. Ikawa ndiyo picha yangu ya WhatsApp kwa miaka miwili. Naomba uikumbuke picha hiyo.

Mwishoni mwa Juni 2022, mitihani imeisha na tiketi ya kwenda nyumbani iko mfukoni, rafiki yangu wa darasani alinialika kwao kijijini juu ya Maçka. Waturuki wakikukaribisha kifungua kinywa usifikirie chai na maandazi. Meza ilijaa mizeituni, jibini za aina tatu, mayai, siagi ya ng'ombe wao wenyewe, malai mazito wanayoyaita kaymak, mkate wa mahindi, na birika la chai lisilokauka. Asali ya mezani ilikuwa ya kawaida, nyeupe nyeupe, tamu ya kutosha. Nikaisifu, halafu, kama kawaida yangu, nikaanza kuwasimulia asali ya Tabora ilivyo nzito na nyeusi.

Babake rafiki yangu, ambaye nilimwita amca kama wanavyomwita kila mzee wa rika la baba mdogo, akatabasamu. Akainuka, akafungua kabati la juu, akatoa chupa ndogo iliyofungwa kwa kitambaa. Ndani asali ilikuwa na rangi ya chai iliyokolea, inaelekea wekundu.

"Hii ni deli bal," akasema. Asali kichaa. Akaongeza jina jingine ambalo nililielewa vizuri baadaye, tutan bal, yaani asali inayoshika. Akanieleza kwamba nyuki huitoa kwenye komar, kwamba yeye hula kijiko kimoja cha chai, asubuhi, basi, na kwamba inashusha presha. Kisha akakonyeza jicho akasema inamsaidia na mambo mengine ya nyumbani. Mkewe akampiga begani kwa taulo ya jikoni.

Nilimwambia baba yangu ana presha. Pale pale mzee akaingia stoo, akarudi na chupa nyingine kama ile, nzima, haijafunguliwa. "Mpelekee baba yako. Kijiko kimoja." Nilishukuru sana. Nikaiweka ndani ya begi, nikaizungushia soksi.

Hapo niseme wazi: mzee hakunificha kitu. Alisema kijiko kimoja cha chai, na alikisema mara mbili. Kilichotokea ni kwamba alitoka kwenda kuangalia ng'ombe, rafiki yangu akawa kwenye simu, na chupa ikabaki mezani mbele ya mtoto wa mrina asali. Nilionja. Ilikuwa na uchungu fulani nyuma ya utamu, na ikapita kooni ikiunguza kidogo, kama imetiwa pilipili manga. Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nilisema moyoni, ahaa, asali hasa hii, si ile maji maji yao. Nikaipaka kwenye mkate na kaymak. Nikaongeza. Kwa hesabu niliyompa daktari baadaye, vilikuwa vijiko vinne vya chakula, labda na nusu.

Haikuchukua saa nzima. Tulikuwa tunatembea kuelekea mtoni nikahisi midomo inawasha, kama ganzi ya daktari wa meno inapoanza kuisha. Mate yakajaa mdomoni. Jasho likanitoka, na hali ya hewa kule ni ya kuvaa sweta. Nikamwambia rafiki yangu tupumzike kidogo. Nilipokaa juu ya jiwe, ule upande wa pili wa mto ukawa unasogea na kurudi, miti ikawa miwili miwili. Nikatapika. Nikajaribu kusimama, miguu haikuwa yangu.

Nimewahi kuugua malaria kali, najua kutetemeka na kuweweseka. Hii haikufanana nayo hata kidogo. Akili ilikuwa safi, nasikia kila kitu, najua niko wapi, ila mwili umezimwa kama redio iliyotolewa betri. Na kifuani kulikuwa na kitu cha ajabu: kimya. Unajua kwa kawaida huusikii moyo wako, lakini upo. Sasa nilikuwa nausubiri. Unapiga mara moja, du, halafu nangoja, nangoja, mpaka najiuliza kama utapiga tena. Du.

Rafiki yangu alinishika kifundo cha mkono, akahesabu kwa saa yake, akahesabu tena. Sikumwona mtu akibadilika sura upesi namna ile. Hakuniuliza ninaumwa nini. Aliniuliza, "Kaka, umekula kiasi gani?"

Mzee alifika mbio, akanilaza chali, miguu juu ya gogo. Alikuwa anajilaumu kwa sauti, huku mama mwenye nyumba anamgombeza yeye na siyo mimi, jambo ambalo hadi leo linanipa aibu. Kwao wanasema tu "bal tuttu", asali imemshika, kama sisi tunavyosema pombe imemkamata. Mara nyingi wanamlaza mtu, wanasubiri, inapita. Lakini mimi nilipoinuliwa kidogo tu nilizimia, wakaamua haisubiriki. Wakanipakia nyuma ya gari, nimelala, hadi hospitali mjini.

Mapokezi ya dharura nilijiandaa kujieleza. Kituruki changu si kibaya, lakini maneno ya magonjwa nilikuwa sinayo, na nilikuwa natafuta namna ya kusema "moyo unachelewa". Sikuhitaji. Nesi mmoja mama mtu mzima aliona namba kwenye mashine, akaniinamia akaniuliza swali moja la maneno matatu: "Bal yedin mi?" Umekula asali?

Swali lile nimelifikiria mara nyingi. Moyo wangu ulikuwa unapiga 38 kwa dakika, presha 70 kwa 40, nina umri wa miaka 24. Mji mwingine wowote wangeanza kutafuta ugonjwa wa moyo wa kurithi, mshtuko wa moyo, sumu ya dawa, na huenda wangefika hadi kunitia waya wa kuusukuma moyo kwa umeme. Trabzon wanauliza asali kwanza. Nikatikisa kichwa kukubali. Akamgeukia mwenzake, akasema kitu, na watu wakalegea mabega. Wakanitundikia dripu ya maji ya chumvi, wakanidunga atropini, dawa ya kuuongezea moyo kasi, kwenye mshipa. Dakika chache baadaye wakarudia.

Atropini nayo ina vituko vyake. Mdomo uliokuwa umejaa mate ukakauka kama umelamba unga, mboni zikapanuka, taa za dari zikaniumiza macho. Lakini kifuani kile kimya kikaondoka. Nikausikia moyo unakimbia, 60, 70, 80, na sikuwahi kufurahia mapigo yangu kama siku ile.

Hawakuniruhusu kuondoka. Nililazwa saa 24, waya kifuani, mashine inalia pembeni. Sababu yake ni kwamba atropini huisha kazi mapema, na sumu ya asali inaweza kuwa bado ipo damuni. Usiku daktari wa zamu, kijana wa pale pale, alikuja kukaa kwenye kiti changu cha wageni akanieleza kilichonipata, nafikiri kwa sababu alichoshwa na usiku na mimi nilikuwa mgonjwa asiyelala.

Maua ya komar yana kemikali inayoitwa grayanotoksini. Iko kwenye majani, kwenye chavua na kwenye nekta, na nyuki anaibeba hadi mzingani. Seli za neva na za moyo zina vijilango vidogo vya kupitishia sodiamu. Vinafunguka, umeme wa mwili unapita, vinafunga, ndipo seli inajiandaa kwa mpigo unaofuata. Sumu hii inavishikilia vijilango, visifunge. Neva ambayo kazi yake ni kuutuliza moyo, inayoitwa vagasi, inabaki imewaka. Ni kama dereva aliyekanyaga breki halafu kiatu kikanasa pale pale. Moyo wenyewe hauna kasoro. Ndiyo maana atropini, inayokata amri ya neva hiyo, hufanya kazi haraka, na ndiyo maana watu wengi hutoka hospitali baada ya siku moja wakiwa wazima kabisa.

"Wewe si mgeni wa kwanza kushikwa hapa," akaniambia, kisha akanisimulia habari ya wanajeshi wa Kigiriki. Mwaka 401 kabla ya Kristo, kikosi cha maelfu yao kilikuwa kinarudi kwao kwa miguu kutoka vita vya Uajemi. Walipofika karibu na mji huu huu, ukiitwa Trapezus, walipiga kambi kwenye vijiji vyenye mizinga mingi. Mmoja wa viongozi wao, Xenophon, aliandika mwenyewe: waliokula kidogo wakawa kama walevi, waliokula sana wakawa kama wenda wazimu, wamelala chini kama jeshi lililoshindwa vita. Hakufa hata mmoja. Kesho yake akili zikawarudia, na baada ya siku tatu au nne wakasimama. Vikosi vya jemadari wa Kirumi, Pompey, miongo kadhaa kabla ya Kristo, havikuwa na bahati hiyo. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki wa zama hizo, ameandika kwamba watu wa milima hii waliwawekea asali njiani, wakasubiri ishike, kisha wakawashambulia.

Nilicheka kidogo, waya zikavutana, mashine ikapiga kelele, nesi akaja kutugombeza wote wawili.

Mara nyingi, aliniambia, wanaoletwa pale ni wanaume wa makamo, na hakuhitaji kunieleza kwa nini. Nikakumbuka lile jicho la mzee. Nikakumbuka pia vibanda vya kwetu, kuanzia stendi ya Tabora hadi Kariakoo, asali iliyochanganywa na mizizi ya kila namna, na wanaume wa umri ule ule wanavyonunua wakitazama pembeni. Dunia hii ina watu wa aina moja tu.

Halafu, kabla hajaondoka, aliniuliza swali la kawaida la kujaza fomu: nyumbani kuna mtu ana matatizo ya moyo? Nikasema baba ana presha. Anatumia dawa gani? Nikazitaja, maana huwa nazinunua mimi. Aliposikia ya pili akainua kichwa.

"Hiyo inapunguza kasi ya moyo."

Nikasema ndiyo, najua.

Na hapo ndipo nilipoiona ile chupa, ndani ya begi langu, imevikwa soksi.

Naweza kusema bila kutia chumvi kwamba usiku ule, pamoja na yote yaliyonipata, woga wa kweli ulinishika dakika ile. Baba ana miaka 67. Moyo wake tayari una kidonge kinachouambia upige polepole. Ningempelekea zawadi, angeipokea kwa mikono miwili kwa sababu imetoka kwa mwanawe na ni asali, kitu anachokiamini kuliko hospitali. Kijiko kimoja? Baba yangu hajawahi kula asali kwa kijiko tangu azaliwe. Anakula na sega. Na angeanguka wapi? Porini, kwenye mizinga, siku mbili kutoka barabarani, na hata angefikishwa hospitali, nani Sikonge angemwinamia mzee wa miaka 67 mwenye presha amuulize kama amekula asali? Wangesema moyo. Tungezika, tungesema moyo.

Mzee wa Maçka hakuwa mwongo. Aliposema inashusha presha, alisema kweli tupu. Imenishushia hadi 70.

Asubuhi nilimwomba rafiki yangu aniletee begi. Ile asali niliimwaga kwenye sinki la hospitali, na nakiri iliniuma. Kwetu kumwaga asali ni kama kumwaga damu ya mtu, kwa jinsi ninavyoijua kazi yake. Nilimwambia mzee ukweli alipokuja kunitazama na mkewe, wamebeba supu na chupa ya chai. Hakuchukia. Aliniambia "geçmiş olsun", ndivyo wanavyomwambia mgonjwa, ipite. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini nilikula vijiko vingapi hasa. Nilipomjibu akashika kichwa. Kwa umri wake wote, akasema, hajawahi kufika viwili.

Jambo moja nililiuliza kabla ya kuruhusiwa, mbona watu wa Uturuki hawaanguki kila siku ikiwa asali hii iko madukani. Jibu lilikuwa rahisi. Asali ya kampuni huchanganywa kutoka mizinga mingi ya sehemu nyingi, ya komar ikiwemo inazama humo ndani. Hatari iko kwenye ile safi kabisa, ya mzinga mmoja, ya bonde moja, ya mzee unayemjua. Yaani ile ile ambayo mimi maisha yangu yote nimekuwa nikiwaambia watu ndiyo bora. Na kwa macho huwezi kujua ina nguvu kiasi gani. Chupa ya mwaka huu si ya mwaka jana.

Daktari yule yule alipomsikia rafiki yangu akitania kwamba nililambishwa asali siku ya saba, hakucheka. Alisema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali yoyote, hata ya kwetu, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvimudu lakini la mtoto mchanga haliwezi, vikamlegeza misuli hadi pumzi. Dada yangu alikuwa na mimba ya miezi saba wakati ule. Nilimpigia siku hiyo hiyo, na ugomvi wake na mama juu ya jambo hilo ni simulizi nyingine.

Agosti, nikiwa tayari Tabora, rafiki zangu wa Trabzon walinitumia video iliyozagaa Uturuki nzima: dubu mdogo wa mkoa wa Düzce aliyekula deli bal kupita kiasi, ameketi nyuma ya pikapu, tumbo mbele, macho yamelegea, hajui aangalie wapi. Walimpeleka kwa daktari wa mifugo, akapona, akarudishwa porini. Waliandika chini yake jina langu. Nimeitunza video hiyo. Namwelewa yule mnyama kuliko wote walioicheka.

Ila nilikuwa nataka kusema habari ya baba.

Nilimpigia nikiwa bado kitandani, siku ya kutoka. Sikutaka asikie kwa watu. Nilimweleza yote, hata vijiko vinne. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limekata.

"Ilikuwa chungu?"

"Ilikuwa chungu, baba."

"Na ukameza."

"Nikameza."

Akaguna. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu anatwanga. Hakuuliza kuhusu mashine, wala sindano, wala presha. Aliuliza nyuki wa kule ni wakali, nikasema wapole. Akauliza mti wenyewe ukoje. Nikaanza kumweleza majani, urefu, maua ya zambarau yanavyokaa kwa mashada, kisha nikakumbuka.

"Baba, unao kwenye simu yako. Angalia ile picha yangu."

Akashusha simu. Nilimsikia akimwita mdogo wangu amfungulie. Dakika nzima ikapita.

"Haya uliyoyakumbatia?"

"Hayo hayo."

"Miaka miwili," akasema baba, na nikasikia anaanza kucheka.